Nimeificha pasipoti ya mdogo wangu

Barua ya msomaji

Mama Mshauri,

Salamu nyingi kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi. Naandika usiku, watu wamelala, kwa sababu mchana sipati kona ya kukaa nikawaza bila mtu kuniuliza naandika nini. Nina miaka 35, nina mume na watoto wawili, na nauza nguo za mtumba soko la Gikomba. Jina langu tafadhali usilitoe. Mdogo wangu nitamwita Neema, ingawa hilo si jina lake.

Neema ndiye kitindamimba wetu. Baba alifariki yeye akiwa darasa la nne. Mwaka wa 2017 alifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, akapata alama 341, na kijijini kwetu Ukambani watu walikuja kumpa mama mkono wa hongera. Barua ya kuitwa shule ya bweni ikaja, karo haikuja. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimejifungua, na mume wangu hakuwa na kazi. Ndipo Januari 2018 akaja binamu ya mama anayeishi Nairobi, mtu wa kanisa, mwenye maneno ya kutuliza. Akasema atamchukua Neema amtie shule ya kutwa karibu na kwake, na jioni awe anamsaidia kuwaangalia watoto. Tulimwombea safari njema. Mimi ndiye niliyemnunulia sanduku la bati, kama wenzake wote wa kidato cha kwanza, nikaliandika jina lake kwa rangi nyeupe.

Darasa hakuliona hata siku moja. Aliamka saa kumi alfajiri, akafanya kazi mpaka nyumba ilale, bila senti. Alilala sakafuni jikoni. Alikula watoto wakishashiba, kama kulibaki kitu. Hata kuoga ilikuwa kwa ruhusa. Mwaka wa pili mwanamke yule alimkabidhi kwa rafiki yake mwenye baa katika mji mwingine, na yaliyompata huko sitayaandika, ni yake mwenyewe kuyasema. Miezi yote hiyo mama alikuwa akipokea shilingi 2,000 kwa M-Pesa, akiambiwa ni shukrani. Nami nilikuwa hapa hapa Nairobi, Mama Mshauri. Nilipopiga simu niliambiwa Neema yuko shuleni, Neema ana mtihani, Neema amelala. Niliamini.

Novemba 2019 jirani mmoja wa kule alipiga 116, ile simu ya watoto, na wasichana watatu wakatolewa pale. Neema alikuwa na miaka 16. Alikaa miezi minane katika makao ya wasichana, kisha nikamchukua. Kesi ilifunguliwa. Ikatajwa, ikaahirishwa, ikaja korona, mashahidi wakatawanyika, ikafia hapo. Mwanamke yule tunakutana naye kwenye matanga ya ukoo, na anatusalimia.

Sasa ni miaka sita na Neema ana 22. Bado halali bila taa. Nikibadilisha mashuka napata kipande cha mkate chini ya mto, au chapati iliyokauka kama ubao. Nilimpeleka chuo cha ushonaji akaacha muhula wa pili, kwa sababu mwalimu alikuwa akifunga mlango kwa kufuli ili wanaochelewa wasiingie. Kila Januari wanafunzi wakionekana kituoni na masanduku yao, anakaa wiki nzima hasemi. Lakini tangu mwaka juzi anasuka nywele Kenyatta Market. Vidole vyake ni vyepesi, ana wateja wanaomsubiri yeye tu. Nikadhani tumevuka.

Wiki tano zilizopita nilikuwa nafagia nikaangusha mfuko wake wa nywele za kusukia. Ndani mlikuwa na pasipoti mpya, imetolewa Februari mwaka huu. Nilipomuuliza alinieleza kwa utulivu kabisa. Kuna ajenti mjini, amempatia kazi Saudia, mkataba wa miaka miwili, zaidi ya shilingi 30,000 kwa mwezi, tiketi analipa mwajiri. Kazi ya nyumbani, Mama Mshauri! Ile ile! Mama anajua na amembariki. Anasema nyumba inavuja, mtoto aende akatafute kama wenzake. Nilipomkumbusha yaliyopita alinijibu, "Hata kule kwa kwanza alikubali mwenyewe. Hakufungwa kamba."

Nikaichukua pasipoti Neema akiwa kazini. Iko Gikomba, ndani ya mzigo wa nguo ambao siuzi. Hii ni wiki ya tatu. Neema anajua. Hajaniuliza, wala hajanuna. Ila siku hizi anaamka saa kumi alfajiri anapiga deki nyumba nzima kabla hatujaamka, na Jumanne iliyopita alisimama mlangoni pa bafu, taulo mkononi, akaniuliza, "Dada, naweza kuoga?" Nikamwambia, hilo ni swali gani, hapa si kwenu? Lakini neno hilo limenikaa kooni tangu siku hiyo.

Mume wangu si mtu mbaya. Anasema miaka sita inatosha, huyu ni mtu mzima, ama aende ama atafute chumba chake. Rafiki yangu wa kanisa anasema niichome pasipoti, niombe. Ajenti anapiga simu, anataka Neema akapimwe hospitali kabla ya mwezi kwisha. Nikiirudisha, na akafia huko ndani ya nyumba ya mtu, nitaishi vipi? Nilishindwa kumlinda mara moja. Halafu kuna jambo jingine ninaloliona aibu kuliandika: nimechoka. Natamani apone tu, iishe. Atapona lini?

Dada Mkubwa, Umoja


Jibu la mshauri

Dada Mkubwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale mlangoni pa bafu. Nitaparudia.

Kwanza nikuambie nilivyokusikia. Ulimpoteza mdogo wako akiwa umbali wa nauli ya matatu, ukidanganywa kwa simu, na sasa unaona mlango ule ule ukifunguka, safari hii anauendea kwa miguu yake. Mama anamsukuma, mume anahesabu miaka, ajenti anapiga simu. Katikati yao wewe umeshika kijitabu kimoja, na unahisi ukikiachia hakuna tena kitakachomzuia Neema asiumie. Swali lako ni la pasipoti, lakini nadhani unauliza pia kama mtu aliyeshindwa kumlinda mtoto anaweza kumlinda mtu mzima. Hilo ni gumu zaidi.

Nitasema jambo linaloweza kukuuma, na nalisema nikiwa nimekaa upande wako. Ni kweli waliomtumikisha Neema hawakumfunga kamba. Mara nyingi hawafungi. Walimpangia saa ya kula, ya kulala na ya kuoga, simu hakushika, na alipouliza habari za shule hakujibiwa. Mtoto aliyekaa hivyo karibu miaka miwili hujifunza kusoma uso wa mwenye nyumba. Hujifunza kwamba atakayesalimika ni yule anayeamka mapema, anayefanya kazi kabla hajaambiwa, na anayeomba kila kitu. Sasa kitu chake cha thamani kimetoweka ndani ya nyumba anayoishi, anamjua aliyekichukua, na hakuna anayetamka neno. Sijamwona Neema na ninaweza kukosea. Lakini kupiga deki alfajiri na lile swali la bafuni sidhani ni ugonjwa uliorudi wenyewe tu. Nadhani anaujibu ukimya wa nyumba yako kwa lugha aliyofundishwa katika nyumba ile.

Hilo halikufanyi wewe kuwa yule binamu. Yeye alimnyang'anya Neema maisha ili apate mtumishi wa bure. Wewe umechukua karatasi kwa sababu ungali unaisikia ile sauti kwenye simu ikikuambia "Neema ana mtihani". Ila mwili wake hauwezi kuona tofauti ya nia yako na nia yao. Mwili huo unachoona ni kwamba mwenye nyumba ameficha hati yake. Ndiyo maana nakuomba ujiulize, kabla ya kuamua lolote, ni woga gani hasa ulioificha pasipoti hiyo: wa safari ya mwaka huu, au wa Januari ya 2018 ambayo hukuweza kuizuia. Inawezekana ni wote wawili. Basi huu wa pili si wa Neema kuubeba.

Unauliza atapona lini. Watu wengi humpa manusura muda kama wa mfupa uliovunjika, plasta itolewe atembee. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limekitenga kiwewe kinachotokana na mateso ya muda mrefu ambayo mtu hakuwa na njia ya kuyakimbia, kikawa mbali na kile kinachotokana na tukio moja, tuseme ajali. Mwenye kiwewe cha tukio moja huota ndoto mbaya, hushtuka na kukwepa kumbukumbu. Kile cha muda mrefu huongeza mengine: hisia zinazolipuka au kufa ganzi, kujiona huna thamani, na ugumu wa kuwa karibu hata na unaowapenda. Simpi Neema jina la ugonjwa kupitia barua, hiyo ni kazi ya daktari aliyekaa naye. Nakwambia haya ili ujue kwamba miaka sita si mingi kwa mtu aliyevunjwa akiwa na miaka 14, umri ambao mtu ndiyo kwanza anajifunza yeye ni nani. Wengi huendelea vizuri miaka miwili, wakarudi nyuma miezi mitatu, wakaendelea tena. Januari zako zinakuonyesha hilo.

Na hebu tuiangalie hiyo Kenyatta Market, maana umeipitia kwa sentensi tatu tu ukaenda kwenye hofu. Msichana asiyeweza kukaa chumba kilichotiwa kufuli amechagua kazi ya wazi, watu wanapita, hakuna mlango. Anagusa vichwa vya watu asiowajua saa nne, saa tano mfululizo. Wateja wanamsubiri yeye. Hata ushonaji, ukitazama vizuri, hakushindwa kushona. Alishindwa na kufuli. Mwalimu angemruhusu akae kando ya mlango ulio wazi, pengine leo angekuwa fundi. Mkate ule chini ya mto usiutupe mbele yake. Wengine niliokaa nao walikuja kuacha wenyewe walipopewa kopo lao la biskuti ambalo hakuna mtu mwingine analifungua.

Kwa nini basi anataka kurudi kwenye kazi ile ile? Sijui, na nadhani nawe hujui, kwa sababu alipoanza kukueleza ulisikia neno "kazi ya nyumbani" masikio yakaziba. Ningekuwa wewe ningemuuliza tena, na safari hii ningesikiliza mpaka mwisho. Huenda anataka kuifanya kazi ile kwa mshahara na mkataba ili aiondolee aibu. Huenda amemsikia mume wako akihesabu miaka, kuta za nyumba zetu za Umoja ni nyembamba. Huenda ni bati la mama yake linalovuja. Tazama pia tarehe: pasipoti imetoka Februari, kwa hiyo huenda aliiomba Januari, mwezi wa masanduku. Huenda anakimbia. Lakini pia, Dada Mkubwa, huenda ni msichana wa miaka 22 wa Nairobi anayewaona wenzake wakienda Ghuba na kutuma pesa nyumbani, naye anataka zake. Si kila anachokitaka manusura ni jeraha linalosema.

Tuzungumzie sasa hiyo pasipoti. Kuichoma nakuomba ulitoe kabisa mawazoni. Pasipoti ni mali ya serikali na kuiharibu ni kosa, na Neema anaweza kuomba nyingine. Mara ya pili hataificha ndani ya mfuko wa nywele. Ataondoka usiku, na wewe utajua siku simu yake itakapokosa kupatikana. Hatari hiyo naihofia kuliko Saudia yenyewe, kwa sababu anayesafiri kwa siri hana wa kumtafuta. Ukiendelea kuificha bila kusema, unaelekea huko huko polepole.

Kuirudisha kimya, uiweke mezani ukaenda zako Gikomba, kuna hatari yake pia. Aliyezoea kutupwa anaweza kusikia: haya, nenda, tumechoka nawe. Kuirudisha pamoja na mazungumzo ni tofauti, ingawa sitakudanganya, hata hapo anaweza kuichukua na kwenda.

Akiwa na nia ya kwenda, yapo mambo anayostahili kuyajua waziwazi, na ni bora ayasikie kwako kuliko kwa ajenti. Visa ya mfanyakazi wa nyumbani huko imefungwa kwa mwajiri wake, ndio utaratibu unaoitwa kafala. Mageuzi ya kazi ambayo Saudia ilianza Machi 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Waajiri wengi hushika pasipoti za wafanyakazi japo sheria ya huko inakataza. Na kazi yenyewe iko ndani ya nyumba ya mtu, mlango umefungwa, mara nyingine siku za mapumziko hazipo. Wapo wanaofanya miaka yao miwili wakarudi na kujenga, na wapo waliorudi ndani ya sanduku. Muulize Neema, kwa upole na si kwa mtego: "Mlango ukifungwa utafanyaje?" Jibu analo yeye tu.

Yapo ya kukagua vilevile. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ndiyo inayosajili mawakala wa kazi za nje, nendeni huko mkaulize habari za ajenti huyo kwa jina la kampuni yake. Visa iwe ya kazi, isiwe ya matembezi. Mkataba uwe katika lugha anayoisoma Neema, nakala ibaki kwako, pamoja na jina la mwajiri, mji, na namba ya ubalozi wetu Riyadh. Mafunzo ya kabla ya kusafiri yasirukwe. Halafu mwombeni ajenti miezi mitatu. Kama kazi ni ya kweli leo, zipo za kweli baadaye. Akianza kufoka na kusema nafasi itapotea, mtakuwa mmejifunza jambo kumhusu. Yule binamu alipokuja kumchukua Neema, mlipewa siku ngapi za kufikiri?

Kuna njia ya katikati ambayo mume wako ameigusa kwa hasira. Chumba chake mwenyewe, ploti iliyo karibu nawe, ufunguo mfukoni mwake. Nimewaona wasichana waliobadilika kwa sababu ya ufunguo. Nimewaona pia waliozidiwa na usiku wakiwa peke yao, wakarudi wiki ya tatu. Lisiwe jambo la kumfukuza, liwe jambo mlilolipanga, na kitanda chake kwako kibaki. Na kama ni pesa, kaeni mhesabu pamoja anachopata Kenyatta Market kwa mwezi mzuri na mwezi mbaya. NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani ya ufundi, na cheti cha ususi kinaweza kumfungulia njia nyingine, hata ya kujiajiri. Huenda hesabu ikaonyesha Saudia haina faida kubwa hivyo. Huenda ikaonyesha inayo. Uwe tayari kwa majibu yote mawili.

Mama yako. Hapa nitaongea kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe. Neema hakukubali. Alikuwa na miaka 14. Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2000, inasema mtoto aliye chini ya miaka 18 akichukuliwa ili atumikishwe, kukubali kwake hakuhesabiwi, awe alitishwa au alibembelezwa. Sheria ya Kenya ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, ya mwaka 2010, imefuata hapo hapo, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Uzito wa kosa ndio huo, ingawa kwenye matanga linasalimiwa kama jambo la kifamilia. Sikuambii umpelekee mama sheria kama rungu. Ni mjane aliyepokea 2,000 na pengine anasema "alikubali" kwa sababu akisema vingine hataweza kulala. Lakini Neema anaisikia kauli hiyo. Yupo yeyote katika familia aliyewahi kumwambia, "Ulikuwa mtoto, waliokubali ni sisi"? Kama hayupo, unaweza kuwa wewe. Mwambie pia kuhusu zile simu ulizopiga. Mwambie kuhusu lile sanduku uliloliandika jina kwa mkono wako. Pengine hajui kwamba nawe unabeba.

Kesi nitaigusa tu. Kesi iliyokwama bila hukumu si lazima iwe imefutika. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma inaweza kuulizwa imeishia wapi, na sheria ile ya 2010 imeweka mfuko wa kuwasaidia waathiriwa. Lakini kusimama tena mahakamani ni kuishi upya yale yale, na uamuzi huo ni wa Neema. Usimfungulie wewe kwa niaba yake.

Hukuniambia kama tangu atoke makaoni kuna mtu anayezungumza naye. Msaada wa wasichana wengi hukatika wakifika miaka 18, kana kwamba siku ya kuzaliwa inatibu. Hospitali ya Mathari inatibu kiwewe, na najua mtaani jina hilo linavyotajwa, kwa hiyo mueleze mapema kwamba anayekwenda huko si lazima awe kichaa. Hospitali ya Kenyatta nayo ina huduma hiyo, tena si mbali na anaposukia. Hapa Nairobi lipo shirika la HAART Kenya linaloshughulika na watu waliopitia usafirishaji haramu. Mpe habari, umwachie. Ukimburuta, ni safari nyingine aliyopangiwa.

Na wewe je? Umeandika "nimechoka" mwisho kabisa, kama mtu anayeungama dhambi. Umelea watoto wawili na mdogo aliyerudi akiwa amevunjika, ukiamkia Gikomba, ukiwa na hatia ambayo hukumpa mtu hata nusu yake. Ungekosa kuchoka ningeshangaa. Mume wako naye simwoni kama adui. Sidhani amewahi kuelezwa kwa nini taa haizimwi. Mketishe jioni moja umweleze, kwa idhini ya Neema, kiasi ambacho Neema ataridhia. Na ukipata mshauri, nenda hata peke yako, usimsubiri mdogo wako.

Ukiamua kuirudisha pasipoti, siwezi kukuambia siku wala maneno. Ningechagua wakati ambao nyumba haina watu wengi, mlango uko wazi, na ningeanza na "Niliichukua mimi, na niliogopa," kabla ya neno lolote kuhusu Saudia. Asiposema kitu siku hiyo, usimlazimishe. Niandikie tena, hata kama mambo yatakuwa hayajanyooka.

Na kabla ya yote hayo, huenda hata kesho asubuhi, anaweza kusimama tena pale mlangoni na taulo lake. Usimpe ruhusa, na usimuulize hilo ni swali gani. Mwambie tu maji ya moto yako kwenye sufuria, bafuni hakuna mtu, kisha uendelee na ulichokuwa ukifanya.

Mama Mshauri